Fedha ina miguu, mlima hauna: nani mwenye hisa za Namoya?

KASONGO – Leo tuzungumzie neno ambalo wengi wetu tunaliona ni la watu wa mbali: hisa. Wengine wanaliita aksyo. Ukilitaja hapa sokoni utaambiwa hayo ni mambo ya Toronto na New York, sisi tuna njaa na barabara mbovu. Mimi nasema kinyume. Mtu aliyekimbia Salamabila na godoro kichwani, anayelala leo kwenye nyumba ya jamaa hapa Kasongo, habari ya hisa inamhusu kuliko inavyomhusu mtu wa Toronto. Namoya, mlima wetu wa dhahabu katika teritwari ya Kabambare, ulikuwa kwa miaka mingi karatasi iliyouzwa na kununuliwa sokoni kila siku ya kazi. Sisi tunaokaa kwenye mlima huo hatukuwa na hata karatasi moja.

Neno langu nalisema mapema: anayebeba hatari ndiye anayestahili hisa. Kama wakaaji wa Kabambare ndio waliobeba hatari kubwa ya Namoya, na ndio walioibeba, basi kampuni yoyote itakayokuja kesho isianze kuchimba kabla sehemu yetu haijaandikwa, ikasomwa mbele ya watu na ikajulikana iko mikononi mwa nani. Na walioko ukimbizini wahesabiwe kama wakaaji wengine.

Hisa ni nini

Wamama wa AVEC hawahitaji mwalimu wa jambo hili. Katika AVEC kila mwanamemba ananunua hisa, fedha inaingia katika sanduku lenye kufuli tatu, inakopeshwa kwa riba, na mwisho wa mzunguko kila mtu anapata kulingana na hisa zake. Aliyenunua tano anapata mara tano ya aliyenunua moja. Asiye na hisa hana neno siku ya kugawa, hata kama sanduku linalala nyumbani kwake.

Kampuni kubwa ni hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba hisa zake zinauzwa sokoni, na anayezinunua anaweza kuwa mtu asiyejua Kabambare iko upande gani wa dunia. Akizinunua asubuhi anaweza kuziuza mchana. Kuna jambo moja zaidi: sheria inamlinda. Kampuni ikifilisika anapoteza kile alichoweka tu. Hakuna atakayekuja kuchukua nyumba yake wala shamba lake. Ndivyo sheria za OHADA, ambazo nchi yetu ilijiunga nazo mwaka 2012, zinavyosema juu ya makampuni yanayoitwa SA. Shikeni hilo, tutalirudia.

Kutoka 28 hadi 7 hadi sifuri

Sasa tuangalie daftari la Namoya. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Yetu ilipotea huku daftari lipo, ila hatukusomewa.

Mwaka 1976 makampuni ya madini ya Kivu na Maniema yaliunganishwa kuwa SOMINKI. Wazee waliofanya kazi huko bado wapo, wengine wanadai mishahara yao mpaka leo. Katika SOMINKI serikali ilikuwa na asilimia 28, wenye fedha binafsi asilimia 72. Mwaka 1996, vita vikiwa mlangoni, kampuni ya Kanada iitwayo Banro iliingia ikaanza kununua zile hisa. Mwezi wa pili 1997, miezi mitatu tu kabla Mobutu hajaanguka, masikilizano mapya yalitiwa sahihi. Ikazaliwa SAKIMA: Banro asilimia 93, serikali asilimia 7.

Mwaka 1998 Laurent-Désiré Kabila alifuta masikilizano hayo. Banro ikaenda mahakamani Marekani na ikadai fidia ya dola bilioni moja. Mwaka 2002, chini ya Joseph Kabila, pande mbili zikapatana. Serikali ilibaki na mawe ya bati kupitia SAKIMA. Dhahabu ya Twangiza, Kamituga, Lugushwa na Namoya ikawa ya Banro, asilimia 100, pamoja na msamaha wa kodi wa miaka 10 tangu uzalishaji uanze.

Hesabuni wenyewe: 28, kisha 7, kisha 0. Hiyo ni sehemu ya serikali tu. Sehemu ya Mbangubangu, ya Mzimba, ya mkulima wa mihogo au ya mchimbaji aliyekuwa akiosha mchanga Namoya tangu ujana wake haikuandikwa popote katika hatua zote tatu. Hatukupunguziwa kitu, kwa sababu hatukuwahi kuhesabiwa.

Mama Toronto, watoto Barbados, mjukuu Salamabila

Kampuni kubwa hupenda kujenga ukoo. Juu kabisa kuna kampuni mama. Kazi yake si kuchimba; kazi yake ni kushika hisa za makampuni mengine. Banro Corporation ilikaa Toronto, na hisa zake ziliuzwa katika masoko ya Toronto na New York. Chini yake kulikuwa na makampuni ya Barbados, kisiwa kidogo cha bahari ya Karibiani, moja lao likiitwa Namoya (Barbados) Limited. Chini ya hilo ndipo ilipokuwa Namoya Mining SA, ile iliyojulikana kwetu kwa uzio, magari na walinzi wake.

Kwa hiyo kijana wa Salamabila alipokwenda mlangoni kuuliza habari ya kazi au shamba lake, alikuwa anaongea na mjukuu. Mjukuu anasema, mimi sina amri, muulizeni mama. Mama yuko ng’ambo ya bahari, na mlango wake hauna mtu anayesikia Kiswahili. Ukoo wa namna hii hauvunji sheria, makampuni mengi ya dunia yamejengwa hivyo. Lakini jueni faida yake: fedha inapanda ngazi haraka, malalamiko yanakwama kwenye ngazi ya kwanza.

Wala si jambo jipya kwetu. Zamani za Tippu Tip pembe za ndovu zilitoka hapa Kasongo, zikapita Kabambare mabegani mwa watu, zikavuka ziwa mpaka pwani. Fedha ya safari zake ilitoka kwa tajiri wa Unguja, Taria Topan, na hesabu ilifanywa Unguja. Daftari lilikuwa pwani, mzigo ulikuwa begani kwetu. Baadaye Wabelgiji walihamishia daftari Brussels, kisha likaenda Toronto. Mzigo haujahama bega.

Karatasi ilipoanguka

Mwaka 2011 wakia moja ya dhahabu ilipita dola 1,900. Wenye fedha walikuwa na hamu. Mwezi wa tatu 2012 Banro ilikopa dola milioni 175 kwa riba ya asilimia 10, deni la kulipwa 2017. Riba peke yake ni dola milioni 17 na nusu kila mwaka, mvua inyeshe au jua liwake. Kisha bei ikaanza kuteremka. Namoya ilipotangazwa kuwa imeanza uzalishaji wa kibiashara, tarehe 1 mwezi wa kwanza 2016, dhahabu ilikuwa chini ya dola 1,100. Deni lilifanywa wakati wa bei ya juu, kazi ikaanza wakati wa bei ya chini. Hata mama mwuza ndizi anajua biashara hiyo itaishia wapi.

Hapo hapo majirani walikuwa na hasira. Wachimbaji wadogo walikuwa wameondolewa kwenye mashimo yao. Vijana walidai kazi walizoahidiwa. Mai-Mai Malaika wakachukua hasira hiyo wakaifanya bunduki. Mwezi wa tatu 2017 wafanyakazi watano walitekwa Namoya: Mfaransa mmoja, Mtanzania mmoja na Wakongomani watatu. Mwaka huohuo malori ya kampuni yalishambuliwa njiani.

Mwezi wa kumi na mbili 2017 Banro iliomba ulinzi wa mahakama ya Ontario kwa sheria ya Kanada inayozuia wadai wasiirarue kampuni vipande vipande. Mpango ulikamilika mwezi wa tano 2018. Hisa za zamani zilifutwa bila malipo yoyote. Kampuni ikaenda mikononi mwa wenye deni, wakubwa wao wakiwa Baiyin ya China na Gramercy ya Marekani. Mwezi wa saba 2019 wafanyakazi wengine wanne walitekwa. Mwezi wa tisa 2019 kazi ya Namoya ikasimamishwa.

“Wenye hisa ndio waliobeba hatari”

Hapa ndipo wanaponijibu watu wenye masomo, hata baadhi ya rafiki zangu. Wanasema: unaona sasa, wale wenye hisa walipoteza vyote. Walitia fedha yao, ikaungua. Ninyi mlitia nini? Kama mngekuwa na hisa, nanyi mngefutiwa.

Jibu langu lina sehemu tatu.

Kwanza, mwenye hisa alichagua. Hakuna aliyemkamata mkono anunue karatasi ya Banro. Na siku yoyote kabla ya mwisho angeweza kuuza aende zake. Familia ya Salamabila haikuulizwa. Mlima wake uliingizwa katika biashara bila sahihi yake, na hapakuwa na soko ambapo ingeweza kuuza hatari hiyo kwa mwingine.

Pili, mwenye hisa alipoteza kile alichoweka, na sheria ikamwekea ukuta hapo. Nyumba yake haikuguswa. Kwetu ukuta huo haukuwapo. Mapigano kati ya jeshi na Malaika yalichukua nyumba, mashamba, mbuzi, mwaka wa shule wa watoto, na uhai wa watu. Wanawake walifanyiwa mambo ambayo sitayaandika hapa kwa heshima yao. Hakuna mahakama iliyosema hasara ya familia ya Salamabila iishie mahali fulani. Nani basi aliyebeba hatari isiyo na mpaka?

Tatu, hata katika kuanguka kulikuwa na mstari. Mahakamani wenye deni lenye dhamana walikuwa mbele, wenye hisa nyuma kabisa. Wote hao walikuwa ndani ya mstari kwa sababu walishika makaratasi. Anayedai ahadi ya mdomo, kazi iliyotajwa kwenye mkutano chini ya mwembe au soko lililosemwa litajengwa, hana pa kusimama. Mwenye hisa alikuwa wa mwisho katika mstari. Sisi hatukuwa katika mstari.

Kusema haya si kukana kila kitu. Banro Foundation ilijenga shule na vituo vya afya katika maeneo ya migodi, na watu wa kwetu walipata mishahara. Tushukuru panapostahili. Lakini zawadi si hisa. Zawadi anaichagua mtoaji, na akiondoka inakwisha. Hisa ni haki, na mwenye nayo anaruhusiwa kuuliza.

Na ninyi mliosema bunduki ndiyo itakayoturudishia mlima, niwaulize pia: hesabu yenu iko wapi? Mchimbaji aliyekuwa akilipa ushuru kwa mwenye silaha, alipewa karatasi gani? Mwenye bunduki naye alijifanya mwenye hisa asilimia 100, bila kutia faranga moja. Aliyekimbia hakuuliza kwanza risasi imetoka upande gani.

Wajuzi wa thamani wangeuliza nini

Kuna watu duniani waliopata utajiri na sifa kwa kuuliza swali moja kabla ya kununua hisa: kitu hiki kina thamani gani kweli, tofauti na bei yake ya leo? Mwalimu wao alikuwa Benjamin Graham wa Marekani. Alifundisha kwamba usinunue mpaka bei iwe chini sana ya thamani, ili hata ukikosea hesabu ubaki na nafasi ya kupumua. Mwanafunzi wake mashuhuri ni Warren Buffett. Mwaka 1965 Buffett alishika Berkshire Hathaway, kampuni ya viwanda vya nguo, akaifanya kampuni mama inayoshika hisa za makampuni mengine ya kila aina. Viwanda vyenyewe vilifungwa 1985. Kampuni ikaendelea kukua na jina la viwanda vilivyokufa, kwa sababu fedha ilikuwa imeshahamia penye faida zaidi.

Simlaumu. Nataka tuone jambo moja tu: fedha ina miguu, mlima hauna. Mwenye hisa anaweza kuhama kutoka nguo kwenda bima kabla ya chakula cha mchana. Mkaaji wa Namoya hawezi kuhamisha kaburi la babu yake.

Buffett huyu alisema kwa miaka mingi kwamba dhahabu haizai kitu. Inakaa tu na kutazamwa. Lakini mwezi wa nane 2020, dhahabu ikiwa imepita dola 2,000, ilijulikana kwamba Berkshire imenunua hisa za Barrick karibu milioni 21, zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 560. Barrick ndiyo inayoendesha mgodi wa Kibali kule Haut-Uélé. Sokoni ikawa shangwe, hisa zikapanda zaidi ya asilimia 10 kwa siku moja. Kufika mwisho wa mwaka huo Berkshire ilikuwa imeshaziuza zote. Iliingia, ikatoka, kwa miezi michache. Mwaka huohuo wa 2020 watu wa Salamabila nao walikuwa wakiingia na kutoka: porini usiku, nyumbani mchana, kisha porini tena.

Hata hivyo somo la Graham tunaweza kulichukua na kulitumia kwa faida yetu. Ukimleta mjuzi wa thamani Namoya, hataishia kuuliza kuna gramu ngapi katika tani moja ya mawe. Atauliza: nitapotezaje fedha yangu hapa? Na jibu lilikuwa wazi tangu mwanzo: kwa barabara isiyopitika, kwa deni la bei ya juu, na kwa majirani wasio na sehemu. Amani ya majirani ilikuwa mtaji mkubwa kuliko mashini zote, nao haukuandikwa katika daftari lolote. Mgodi wenye dhahabu nyingi na jirani mwenye njaa ni mgodi wa bei kubwa na thamani ndogo. Kwa hiyo tukidai hisa hatuombi sadaka, tunamwonyesha mwenye fedha mahali ambapo fedha yake itapona. Si tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone? Namoya mgeni alikuja, mwenyeji akaugua, na mwisho mgeni naye akaanguka.

Kununuliwa hisa, na kununuliwa shamba

Mmesikia huenda kwamba makampuni makubwa hununua tena hisa zao yenyewe. Turudi kwenye sanduku la AVEC. Wamama kumi, kila mmoja hisa moja, sandukuni faranga 100,000. Kila hisa ina thamani ya 10,000. Wawili wanataka kutoka. Wakikubali 8,000 kila mmoja, sanduku linabaki na 84,000 kwa watu wanane: kila mmoja sasa ana 10,500. Waliobaki wamepata. Lakini kikundi kikiwalipa 13,000 kila mmoja, linabaki 74,000, na kila aliyebaki ana 9,250. Waliobaki wamepoteza. Ndiyo maana Buffett anasema kampuni inunue hisa zake pale tu bei ikiwa chini ya thamani. Berkshire ilitumia karibu dola bilioni 25 kwa kazi hiyo mwaka 2020. Barrick nayo ilitangaza mwezi wa pili 2025 kwamba ingeweza kutumia mpaka dola bilioni moja kununua hisa zake. Mwezi wa kumi mwaka huo dhahabu ilipita dola 4,000.

Angalieni heshima anayopewa mwenye hisa. Akinunuliwa, ni kwa hiari yake. Bei inaonekana na watu wote. Akikataa, anabaki na kipande chake, tena kikubwa zaidi.

Sasa linganisheni na mkulima ambaye shamba lake liko juu ya dhahabu. Naye ananunuliwa, tunaita fidia. Lakini hawezi kukataa. Anahesabiwa mihogo, michikichi na miembe, kwa bei ya mihogo, michikichi na miembe. Kilichoko chini hakihesabiwi, kwa kuwa sheria inasema cha chini ni cha serikali. Analipwa mara moja, fedha inakwisha kabla ya msimu wa pili, na dhahabu ikipanda toka 1,100 mpaka 4,000 yeye hapandi nayo. Mwenye hisa hununuliwa kwa thamani ya kesho, mkulima hununuliwa kwa mavuno ya jana.

Sheria imefungua mlango, nani amesimama mlangoni?

Wapo watakaosema ninaota. Hapana. Sheria ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 mwezi wa tatu 2018 ina mambo manne ambayo kila mkaaji wa Kabambare na Kasongo anapaswa kuyajua kama anavyojua jina la mtaa wake.

La kwanza: kampuni inayopewa ruhusa ya kuchimba inatoa bure asilimia 10 ya hisa kwa serikali.

La pili: angalau asilimia 10 ya mtaji wa kampuni ishikwe na Wakongomani, watu wenyewe, si serikali. Watu hao ni nani? Sheria haikusema lazima wawe wa Kinshasa, wenye suti na marafiki ofisini. Kwa nini wasiwe wachimbaji wa Salamabila, au wakaaji wa vijiji vinavyozunguka mlima, kila mmoja kwa jina lake?

La tatu: ushuru wa madini kwa dhahabu ni asilimia 3.5, na asilimia 15 ya ushuru huo huenda moja kwa moja kwa sekta, sheferi, komini au mji unaobeba mgodi. Kwa dhahabu ya dola 1,000,000, ushuru ni dola 35,000, na sehemu ya sekta ni dola 5,250. Kidogo, ndiyo, lakini mgodi hauuzi mara moja. Swali ni nani anaona akaunti hiyo.

La nne: asilimia 0.3 ya mauzo huwekwa kwa ajili ya maendeleo ya jamii zinazozunguka mgodi, ikisimamiwa na chombo chenye wawakilishi wa kampuni na wa jamii. Kwa mauzo hayohayo ni dola 3,000.

Basi madai yangu kwa gavana na wabunge wa Maniema, kwa wakubwa wa teritwari zetu mbili, na kwa kampuni yoyote itakayosimama Namoya, ni haya. Majina ya wanaoshika ile asilimia 10 ya Wakongomani yasomwe hadharani, Kiswahili, Salamabila, Kabambare na hapa Kasongo, kabla ya kazi kuanza. Sehemu ya wakaaji wa mlima iandikwe ndani yake. Fedha za sekta na zile za asilimia 0.3 zitangazwe redioni kila miezi mitatu: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. AVEC inafungua sanduku mbele ya wanamemba wote, sekta inashindwaje?

Na dai la mwisho ni la ninyi mliokimbia. Kitabu cha masharti kati ya kampuni na jamii huandikwa na wale waliopo siku hiyo. Kikiandikwa Salamabila ninyi mkiwa Kasongo, Wamaza au mbali zaidi, wengine watasema kwa jina lenu. Aliyekimbia risasi hakuuza shamba lake wala ujirani wake. Kwa hiyo kila kijiji kilichokimbia kijiandikishe hapa kilipo: familia kwa familia, jina la kijiji, shamba lilipo, jirani wa kulia na wa kushoto, mashahidi wawili. Tunzeni kadi za mpiga kura, karatasi za fidia kama mlipewa, hata picha za nyumba kwenye simu. Chagueni watu wenu, mwanamume na mwanamke, wawe katika kila kikao cha mgodi. Tena daftari hilo liwe na nakala tatu: moja kwa chifu, moja kwa shirika la kiraia, moja kwenu wenyewe.

Wenye fedha watarudi. Dhahabu ikiwa bei hii hawawezi kukaa mbali na Namoya, na pengine majina yatakuwa mapya kabisa. Watakuja na daftari lao limekamilika, kila hisa na mwenyewe. Siku hiyo watakapouliza mwenye mlima ni nani, na sisi tuwe na daftari la kufungua.